Pipa la Divai, Bomba la Shaba

Chupa ilifika Mpanda ndani ya sanduku la nguo, imeviringishwa kwa kitenge, na juu ya kitenge sweta la sufi ambalo mwenyewe hangelihitaji tena mpaka airudie baridi yake. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 2023, majira ambayo miombo huchipua majani mekundu kabla ya tone la kwanza la mvua, na msafiri anayetoka Tabora hudhani msitu umeshika kutu. Aliyeileta ni mtoto wa tatu wa nyumba moja ya Makanyagio, fundi wa mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, mkazi wa Aberdeen huko Uskoti kwa miaka mingi sasa. Aliiweka mezani mbele ya mama yake, akasema kwa sauti ya mtu atakaye kufanya mzaha na huku anauogopa mzaha wenyewe:

"Mama, nimekuletea gongo."

Mama hakucheka. Aliitazama chupa, akamtazama mwana, kisha akaushika upindo wa kanga akaifuta meza iliyokuwa safi.

Neno hilo lilikuwa halijatamkwa katika nyumba ile tangu mwaka 1988. Si kwamba lilikuwa limesahauliwa. Kila aliyekulia pale alijua kwamba ada za shule na nauli za treni za kwenda bweni zilitoka katika pipa lililofukiwa nusu nyuma ya jiko, na kila mmoja aliijua pia siku ambayo askari walilifukua. Lakini kujua ni kimoja na kutaja ni kingine. Mama huyo, ambaye baadaye aliuza maandazi, akauza mchele, akawa mtu wa kutegemewa na kinamama wenzake kanisani, alikuwa amelijengea neno hilo ukuta ambao hakuna mtoto aliyethubutu kuupanda. Sasa mtoto ameupanda, tena na chupa mkononi.

Mji wa Mpanda wenyewe ulizaliwa na madini. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifikishwa hapo mwaka 1950 kwa ajili ya risasi iliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, treni iliendelea kuja, wafanyakazi wengi hawakurudi makwao, na vyuma vya mgodini vikatawanyika majumbani mwa watu vikawa majiko, fito za paa na kengele za shule. Baba wa mama huyu alikuwa mtu wa karakana. Katika vitu alivyomwachia binti yake kulikuwa na bomba la shaba, urefu wa pima moja na nusu, lenye kiwiko upande mmoja. Hakumwambia la nini. Yeye mwenyewe alilijua la nini siku mume wake alipofariki na watoto wakawa watano.

Upishi wa gongo ni kazi ambayo wanaoisimulia magazetini mara nyingi hawakuwahi kuiona kwa macho. Huanza mbali na moto. Ulezi hulowekwa, hutandazwa juu ya magunia mabichi mpaka uchipue, huanikwa, husagwa: hicho ndicho kimea, kile kile kinachotia utamu kwenye togwa. Kimea huchanganywa na uji wa mahindi au wa mihogo, huachwa kuchacha siku kadhaa mpaka povu litulie, ndipo hutiwa ndani ya pipa na moto kuwashwa chini yake. Mvuke hupanda, hupita bombani, bomba hupita ndani ya maji baridi, na upande wa pili hutoka tone, kisha tone, kisha uzi mwembamba. Majirani walitumia mabomba yoyote waliyoyapata. Mama huyu aliwahi kuazima bomba la bati, na kinywaji kikatoka na harufu ya yai viza. Alipolirudia lake la shaba harufu ikatoweka. Kwa nini, hakujua. Alijua tu kwamba shaba lazima isuguliwe kwa jivu na ndimu kila baada ya kupika, la sivyo huchoka na kuacha kufanya kazi yake.

Alijua pia kwamba kikombe cha kwanza kinachotoka si cha kuuza. Wapo waliokiuza, tena kwa bei ya juu, kwa sababu ndicho kikali kuliko vyote. Na watu wamepofuka, na wengine wamezikwa, kwa uroho wa namna hiyo. Si haki kuipamba kazi hii kana kwamba haikuwa na wafu wake. Yeye alikimwaga nje ya mlango. Waliomwona walidhani anawamwagia wazee.

Kitu kimoja hakuwahi kukiweza: kungoja. Gongo lililopikwa usiku lilikuwa limeuzwa kabla ya jogoo. Unga ulihitajika asubuhi, na chupa iliyolala ndani ni shahidi aliyelala ndani. Sheria ya mwaka 1966 iliyokataza kupika na kukeneka pombe hiyo bila leseni iliitwa kwa jina la Kiswahili katikati ya Kiingereza chake, Sheria ya Moshi. Leseni yenyewe, mwanamke wa Makanyagio hakujua hata mlango wa ofisi yake unaelekea wapi. Alipokamatwa alifungwa miezi sita. Pipa lilitobolewa hadharani. Bomba lilichukuliwa likawa kielelezo mahakamani, na halikuonekana tena. Ada ya muhula ilikuwa imelipwa Alhamisi iliyotangulia, hivyo mtoto wa tatu hakufukuzwa shule, na habari za mama yake alizipata kwa barua.

Ndiye huyu sasa anayeifungua chupa.

Iliandikwa Glenfarclas, miaka 15, na kiasi cha kileo asilimia 46. Jina hilo kwa lugha ya kale ya Waskoti husemwa kuwa na maana ya bonde la majani mabichi. Kiwanda kiko chini ya mlima Ben Rinnes, kilipata leseni mwaka 1836, na tangu mwaka 1865 kimo mikononi mwa ukoo mmoja wa akina Grant. Mwana alikuwa amekwenda huko mwenyewe, siku ya mapumziko, akazungushwa pamoja na watalii. Aliona shayiri iliyochipushwa na kukaushwa, na moyoni akasema: kimea. Aliona mapipa makubwa ya mchachuko, akasema: povu. Aliona vyungu vya kukenekea vilivyo virefu kuliko nyumba yao ya Makanyagio, moto wa gesi ukiwaka moja kwa moja chini ya matako yake, kwa sababu kiwanda hicho, tofauti na vingi vya wenzake, kimeshikilia moto wa chini na kukataa mvuke. Aliona kisanduku cha vioo ambamo mkenekaji huyatazama matone ya kwanza na kuyatenga, huuchukua moyo wa katikati, na kuyatenga tena ya mwisho. Mwongozaji alieleza hayo kama siri kubwa. Mwana alisimama nyuma ya kundi, akakumbuka kikombe kinachomwagwa nje ya mlango, na ikambidi atoke kidogo apunge hewa.

Hakuna bilauri za wiski Makanyagio. Zililetwa zile ndogo za chai ya rangi. Mwana alimimina vidole viwili, akaanza kueleza kama alivyofundishwa: kwanza rangi, kisha pua, kisha ulimi. Rangi ilikuwa ya kahawia yenye wekundu ndani yake, kama yale majani ya miombo nje ya mji, na haikutiwa kitu. Yote ilitoka kwenye mbao. Mama alimwacha aseme. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwemo katika mafunzo ya Uskoti, au pengine limo lakini watalii hawaonyeshwi. Alijimiminia tone kiganjani, akasugua viganja viwili kwa nguvu mpaka vikakauka, akavifunika puani.

Alikaa hivyo kwa muda.

"Kimea," alisema. Akasugua tena, akanusa tena. "Halafu hapa palikaa divai."

Mwana aliuliza divai gani. Akajibiwa kwamba ni divai ya padre. Alipokuwa msichana alipelekwa kusaidia kazi katika misheni, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuosha vyombo vya sakristia. Chupa iliyokuwa tupu tangu Jumapili, ukiifungua Ijumaa, ilitoa harufu hiyo: zabibu zilizokaukia chumbani, na njugu, na kitu kama ngozi ya kiti. Alikuwa hajaikumbuka tangu siku hizo. Hakuambiwa lolote juu ya mapipa, wala hakusoma karatasi iliyobandikwa chupani, kwani miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja.

Na kweli palikaa divai. Mvinyo uitwao sheri hutengenezwa kusini mwa Uhispania, kandokando ya mji wa Jerez, ambao Waarabu waliutawala kwa zaidi ya karne tano na kuuita Sherish. Waingereza hawakuweza kulitamka vizuri jina hilo wakalifanya kuwa la kinywaji. Hata chombo cha kukenekea kiliingia Ulaya kwa jina la Kiarabu, al-inbiq, na yeyote aliyesoma Abunuwasi wa kweli, si yule wa hadithi za watoto bali mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, anajua kwamba hakuna lugha iliyoueleza mvinyo kwa ustadi kuizidi lugha ya watu waliokatazwa kuunywa. Hilo ni jambo la pembeni. Sheri ya aina ya oloroso, neno lenye maana ya chenye harufu, huachwa kwenye mapipa ya mwaloni ikipigwa na hewa mpaka iwe nyeusi nyeusi. Zamani ilisafirishwa hivyo hivyo ndani ya mapipa mpaka bandari za Uingereza na Uskoti. Ikiisha kunywewa, mapipa matupu yalikuwa ya bei rahisi, na wapikaji wa wiski wakayanunua kwa sababu hiyo tu, ya urahisi. Uzuri wake ulijulikana baadaye. Kuanzia miaka ya 1980, sheri ilipolazimika kutiwa chupani huko huko Uhispania, mapipa yakawa adimu, na leo mengi hutengenezwa mahususi: pipa jipya hujazwa sheri mwaka mmoja au miwili, si kwa ajili ya sheri, bali kulifundisha pipa. Pipa moja kubwa la namna hiyo huchukua lita 500, yaani madumu 25 ya lita 20, na huuzwa kwa bei ambayo kwa mapato ya Makanyagio haina maana yoyote.

Mama aliposikia kwamba mvinyo mzima hutumika kulifundisha pipa, alitikisa kichwa. "Wana nafasi," alisema. Ndilo lililokuwa neno lake la kwanza la uchungu siku hiyo, na hakulirudia.

Wakati huo hodi ikapigwa. Jirani mwenye duka la vyakula, ambaye mtaa mzima humwita Mpemba na yeye huitika, alikuwa amekuja kuiona asali. Kaka wa mama yuko Inyonga, ana mizinga ya magome na michache ya masanduku, na kila kiangazi kinapokwisha huleta ndoo mbili tatu ziuzwe mjini. Mpemba huyu amenunua asali ya Katavi kwa miaka thelathini na hudanganyiki. Alikaa barazani, mama akatoka, akamwamkia, akampa kifuniko cha ndoo ya kwanza. Mpemba alikipokea, akasita.

"Bi mkubwa, umeanika karafuu?"

Hakuna karafuu Mpanda isipokuwa ile ya pilau, na hiyo anaiuza yeye. Aliusogelea mkono uliompa kifuniko bila kuugusa, akavuta pumzi. Karafuu, alisema, tena si makonyo. Ni karafuu kavu ya siku tatu, ya kuvunjika kwa kucha. Yeye ni mtoto wa Wawi, amekulia jirani na kiwanda cha mafuta ya makonyo, na harufu hizo mbili hawezi kuzichanganya hata usingizini. Mwana alipotoka na kumweleza ni nini alichokinusa, alisema astaghfirullah mara tatu, akacheka mpaka machozi, akaomba maji anawe pua. Ndani hakuingia, kwa kuwa meza yenye ulevi si ya kukaliwa. Lakini hakuondoka pia.

Hakukosea. Ndani ya mbao za mwaloni zilizochomwa kwa moto ili pipa lipindike mna kemikali iitwayo yujenoli, na hiyo hiyo ndiyo inayoifanya karafuu iwe karafuu, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yaliyokuwa yakitoka Wawi. Mbao hizo hutoa pia harufu ya vanila. Waandishi wa wiski wa Ulaya wanapoonja chupa ya pipa la sheri huandika karafuu, mdalasini, zabibu kavu, tende, tini, ganda la chungwa. Huandika kwa madaha, kana kwamba wamevumbua nchi. Msomaji aliyekulia Unguja au Pemba akisoma orodha hiyo hataona kinywaji, ataona rafu ya duka jioni ya Ramadhani. Pua ya kuijua wiski hiyo iko kisiwani tangu enzi za Sayyid Said, na haina haja ya kuonja hata tone.

Mpemba aliingiza kijiti kwenye asali, akaonja. Akanyamaza, akatema pembeni.

"Mtundu. Asali nzuri. Lakini ina moshi, na ilipitia kwenye dumu la mafuta ya kula."

Mama alikiri dumu. Kaka yake alipungukiwa na ndoo. Na moshi ni kwa sababu warinaji wa mizinga ya magome bado huwafukuza nyuki kwa vienge vya majani makavu, usiku, wamekaa juu ya mti. Ndoo hiyo ingenunuliwa kwa bei ya chini, kama asali ya kupikia pombe ya wanzuki. Mwana, aliyekuwa akisikiliza mlangoni na bilauri yake, alisema jambo ambalo lilimfanya Mpemba ageuke: kwamba huko magharibi mwa Uskoti, kwenye kisiwa cha Islay, watu hukausha kimea kwa moshi wa udongo wa mabwawa makusudi, na wiski yenye ladha ya moshi huo huuzwa ghali zaidi. Mpemba aliliwaza. Akasema moshi wao una wakili.

Baada ya hapo mazungumzo yalihamia kwenye vyombo, na hapo mama na Mpemba walikuwa sawa kwa elimu. Chombo hukumbuka. Mtungi mpya hutia maji harufu ya udongo mwezi mzima. Dumu la mafuta ya taa halioshwi likaisha. Asali ya mzinga wa gome la mtundu ina kitu ambacho ile ya sanduku la mbao haina, ingawa gome likishabanduliwa mti hufa, na kwa sababu hiyo wataalamu wa nyuki wamekuwa wakiwahimiza warinaji wa Mlele kuyaacha magome. Neno mzinga lenyewe limepitia mengi: nyumba ya nyuki, kisha silaha ya ngomeni, na kwa vijana wa leo ni chupa kubwa ya pombe kali. Mwana alipolitaja hili la tatu, Mpemba alisema lugha nayo inakumbuka vibaya.

Mwana alieleza pia kwamba pipa likilala ghalani, kiasi cha asilimia mbili hupotea hewani kila mwaka, nao hukiita fungu la malaika. "Malaika gani hao?" Mpemba aliuliza kwa ukali wa kweli, na mada hiyo ikafa.

Palikuwa na jambo ambalo mwana alitaka kulisema tangu alipokuwa ndani ya ndege, na alilisema kwa kuzunguka. Alianza na mwaka 1823. Kabla ya mwaka huo, alisema, mabonde yale yote ya Uskoti yalijaa wapikaji wa siri, waliowekewa kodi wasiyoweza kuilipa, waliofukuzwa na askari wa ushuru, waliofukia mitambo yao ardhini. Hawakuhifadhi kitu kwenye mapipa kwa miaka. Waliuza upesi, kama yeyote anayepika gizani. Mwaka 1823 Bunge la London liliweka leseni ya pauni kumi na kupunguza ushuru. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akawa wa kwanza bondeni kwao kuichukua, na alitembea na bastola mbili kiunoni kwa kuwaogopa jirani zake waliomwona msaliti. Kungoja kulikuja pamoja na leseni. Mwenye leseni anaweza kujenga ghala, na mwenye ghala anaweza kulala usingizi pipa likiwa limejaa. Hatimaye kungoja kukawa sheria: kuanzia mwaka 1915 haikuruhusiwa kuuza kilichokaa pungufu ya miaka miwili, kisha mitatu, na leo wiski ya Uskoti haina haki ya kuitwa hivyo kama haikukaa miaka mitatu kwenye pipa la mwaloni.

"Kwa hiyo hii ilikuwa gongo," mama alisema.

"Ilikuwa gongo, Mama."

Majirani wa Tanzania nao wamejaribu njia zao. Uganda, kwa sheria ya mwaka 1965, iliwapa wapikaji wa enguli nafasi ya kuuza kwa kiwanda kilichoikeneka upya na kuitia chupani kwa jina la Uganda Waragi. Kenya iliihalalisha chang'aa mwaka 2010. Matokeo ya huko hayakuwa peponi, na Kenya hasa imezika wengi baada ya sheria kama kabla yake. Tanzania kwa upande wake ilipiga marufuku viroba vya plastiki mwezi Machi mwaka 2017, na gongo limebaki pale lilipokuwa: linakamatwa, linamwagwa, linapikwa. Inawezekana kabisa kwamba waliotunga sheria ya 1966 walikuwa na maiti mbele ya macho yao na hawakuwa na la kufanya. Hata hivyo yapo makosa mawili tofauti, la kumuuzia mtu sumu na la kupika vizuri bila karatasi, na mahakama iliyomhukumu mama huyu haikuulizwa, wala haikuuliza, kikombe cha kwanza alikipeleka wapi.

Hayo mwana hakuyasema. Alichosema ni kifupi zaidi. Alisema kwamba alipokuwa kule kiwandani, mwongozaji aliuliza kama kuna mgeni aliyewahi kuona kazi hii kwao. Watu wa Ujerumani walikuwepo, na wa Japani. Yeye aliinamisha kichwa. Akanunua chupa, akatoka. Ilimchukua miezi minne kuamua kuileta.

Mama hakujibu upesi. Alichota maji mtungini kwa kijiko, akatia matone matatu kwenye bilauri, akaizungusha. Wajuzi wa Ulaya hufanya hivyo hivyo na wana maelezo yake: maji huzifungua harufu zilizofungwa na ukali. Yeye alikuwa akifanya hivyo ili kujua kama kilichomo ni kizuri kwa ndani au ni moto tu, kwani pombe mbaya ukiitia maji huvunjika na kunuka. Akanusa. Ndipo akanywa, kwa mara ya kwanza tangu chupa ifunguliwe, funda dogo, akalikalisha mdomoni kama mtu anayehesabu.

"Kali, lakini haigombi," alisema. Baadaye kidogo: "Inaanza tamu kama asali ya zamani, iliyoganda. Halafu inakauka, kama umetafuna kijiti. Halafu inabaki." Aliweka bilauri chini, na ule utamu ulikuwa bado haujamwondoka, kwa maana aliendelea kulamba mdomo wa juu kwa ncha ya ulimi. "Miaka mingapi umesema?"

"Kumi na tano."

Alihesabu nyuma kwa vidole. Mwaka ambao wiski ile iliingia pipani, au karibu na hapo, alikuwa akiuza mchele sokoni na magoti yalikuwa hayajaanza kumuuma. Miaka yote hiyo imelala gizani, hakuna aliyeigusa, hakuna aliyeihitaji kwa unga wa kesho. Lake lilikuwa na umri wa saa nne. "Langu lingekaa miaka kumi na tano lingekuwaje?" aliuliza, na ilikuwa dhahiri hamuulizi mtu yeyote pale. Barazani Mpemba alikuwa akifunga ndoo, adhana ya magharibi i karibu. Aliacha bei ya ndoo mbili juu ya kizingiti, akaongeza kidogo kwa ile ya moshi, akaaga.

Mwana alitaka kumwonyesha picha za kiwanda kwenye simu. Mama aliishika simu mbali na uso, kwa ajili ya ile miwani. Ghala, hakujali. Mapipa, alisema ni mengi. Ilipofika picha ya vyungu vya kukenekea, vikubwa, vimevimba chini na vyembamba shingoni, vinang'aa kama machweo, aliisogeza.

"Hii ni nini? Shaba?"

"Shaba tupu. Wanasema inaondoa harufu mbaya, ile ya kibiriti. Vikichakaa wanatengeneza vingine vya umbo lile lile, wanaogopa ladha isibadilike."

"Ya yai viza," mama alisema.

"Ndiyo."

Alimrudishia simu. Akainuka, akaingia chumbani, na kwa muda zikasikika droo. Aliporudi alikuwa na kitu ndani ya kitambaa cha zamani cha mezani. Kilikuwa kiwiko cha bomba, urefu wa shubiri moja, kimepinda kama mkono wa mtoto. Siku ile askari walipokuja kilikuwa jikoni ndani ya bakuli la jivu na ndimu, kimelowekwa, na kati yao hakuna aliyejua kwamba bomba walilolibeba halikutimia. Watoto nao hawakujua. Kilikuwa kimesuguliwa, si mara moja, na si zamani.

Mwana alikichukua, akakisogeza puani. Hakikuwa na harufu yoyote. Mama alikipokea tena taratibu, akakiweka mezani kando ya chupa, kisha akaenda kuutazama wali.